Kibali cha Maji, Salfa ya Korosho na Utitiri wa Muhogo: Ufafanuzi kwa Wakazi wa Mtwara na Lindi

Tangu kampeni ya kulinda vyanzo vya maji ianze kupita vijijini, swali linaloulizwa sana kwenye mikutano si la maji. Watu wanauliza: huyu mtaalamu si yule aliyekuwa akikagua majani ya mihogo? Ya maji na hali ya hewa ameyajulia wapi? Ni swali la haki, kwa hiyo nalijibu kwanza, kisha niingie kwenye vibali vya kutumia maji, ambavyo ndivyo vinavyotujazia malalamiko ofisini.

Mimi ni mwanaikolojia, na kazi yangu ya mwanzo ilikuwa utitiri wa kijani wa muhogo. Simsemi yule wa banda la kuku. Huyu hafiki hata nusu milimita, ana miguu minane kama buibui, na hukaa upande wa chini wa majani machanga akiyafyonza. Jani hupata vidoa vya njano na kudumaa, na mmea ukizidiwa kilele hubaki kijiti kitupu. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Afrika alionekana kwanza Uganda mwaka 1971, kisha akaenea karibu kila panapolimwa muhogo, kwa upepo na kwa vipando tunavyopeana majirani. Dawa ya kupulizia haikuwa jibu. Mkulima wa muhogo hana fedha hiyo, na kisamvu ni mboga. Huwezi kupulizia sumu jani unalokwenda kulitwanga jioni.

Jibu lilitoka Brazili, nalo lilikuwa utitiri mwingine, Typhlodromalus aripo, ambaye haharibu muhogo bali hula utitiri wenzake. Mwaka 1993 aliachiliwa mashambani Benin, na baadaye katika nchi nyingine nyingi za Afrika. Mchana hujificha kwenye kilele cha mmea, usiku hushuka kwenye majani kuwinda. Muhogo wenye vinyweleo kileleni humhifadhi vizuri kuliko wenye kilele kitupu, jambo ambalo mkulima anaweza kuliangalia mwenyewe anapochagua mbegu, bila kusubiri mtu wa ofisini.

Sasa, mtu akimfuatilia kiumbe wa namna hii hawezi kuyakwepa maji. Utitiri wa kijani hustawi kiangazi. Mvua kubwa humwosha kwenye majani, na joto humharakisha: kukiwa na joto la huku kwetu, yai hufikia utu uzima kwa muda wa karibu wiki mbili. Kila wiki ya ukame inayoongezeka ni nafasi ya kizazi kingine. Ndiyo maana tulianza kusoma takwimu za mvua sambamba na za utitiri. Tena kwenye chemchemi nako kuna utitiri wa majini, wengi wao wekundu, ambao makinda yao hujishikiza kwenye miili ya wadudu kama kereng'ende na mbu. Maji yakichafuka, au chemchemi ikianza kukauka, hao ni miongoni mwa viumbe wanaopungua mapema. Darubini ni ileile. Kilichobadilika ni mahali pa kuchukulia sampuli.

Hilo limekwisha. Tuje kwenye lawama za vibali.

Mikoa yetu hupata mvua msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Ikichelewa au ikikatika katikati, hakuna vuli ya kutuokoa kama kwa wenzetu wa kaskazini. Kwa muda mrefu wataalamu, na mimi nikiwemo, tumekuwa tukihimiza bustani za umwagiliaji kama njia mojawapo ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Wananchi wakatusikia. Leo mabonde ya Lukuledi, Mbwemkuru na Ruvuma yana nyanya, mchicha na bamia, na pampu za petroli zinanguruma kiangazi kizima. Mzee mmoja mkutanini alitwambia: mlituambia tumwagilie, tumemwagilia, sasa mnatudai kibali. Ana hoja. Ujumbe wa kwanza ulifika vijijini haraka, wa pili umechelewa, na aliyechelewa kufikishiwa habari hana kosa la kushangaa. Lakini kushangaa hakuondoi sheria.

Sheria yenyewe ni ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009. Inasema maji yote Tanzania Bara ni ya umma, yakiwa chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Mto ukipita shambani kwako haukufanyi uwe mmiliki wa mto. Anayechota maji ya kunywa, kupika na kufua nyumbani kwake haombi kibali, na hakuna ofisa mwenye mamlaka ya kumdai. Naomba hili lirudiwe kwenye vijiwe, kwa sababu uvumi kwamba akina mama watalipia ndoo ya kisimani tumeukanusha mara nyingi mno na bado unatembea. Anayehitaji kibali ni yule anayechepusha mto, anayejenga bwawa au banio, au anayevuta maji kwa ajili ya umwagiliaji, kiwanda na biashara nyingine.

Maombi huwasilishwa Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, ambayo ofisi yake kuu iko Mtwara. Bonde hilo ni moja ya mabonde tisa ya maji nchini. Mwombaji hujaza fomu akieleza jina lake, chanzo anachotaka kutumia, mahali kilipo, kazi ya maji hayo na kiasi anachohitaji. Ofisa hufika kukagua. Watumiaji wengine wa chanzo hicho, hasa walio chini ya mkondo, hupewa nafasi ya kueleza pingamizi lao. Kibali kikitoka kina masharti: kiasi, matumizi, na ada ya kila mwaka. Ukipewa maji ya nyanya usiyageuze kuwa ya kuosha magari. Ukiongeza ekari, unaomba upya. Maji yakipungua mtoni Bodi inaweza kupunguza kiasi ulichopewa, kwa sababu sheria imeweka utaratibu wa nani atangulie: mahitaji ya msingi ya binadamu, kisha mazingira yenyewe, halafu ndipo shughuli za uchumi. Kwa kisima kirefu, kibali huombwa kabla ya kuchimba, na mchimbaji naye awe na leseni. Mwombe akuonyeshe. Akikuambia ameiacha Dar es Salaam, subiri aifuate.

Na tafadhali, bili ya MTUWASA, mamlaka ya maji ya mjini Mtwara, si ada ya kibali. Mchango mnaoutoa kwenye chombo cha watoa huduma ya maji kijijini, kilicho chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, nao si ada ya kibali. Hao wanauza huduma ya kukufikishia maji, na wao pia huomba kibali cha kuyavuta. Watu wenye elimu nzuri tu wanakuja na risiti ya bomba wakidai wamekwisha kulipia pampu ya bondeni.

Kuhusu zile mita 60 za kuachwa kando ya maji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya umbali huo kutoka ufukwe wa bahari, ukingo wa mto, ziwa au bwawa shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya eneo hilo. Nimeandika maneno hayo kwa makusudi. Kupita, kuchota maji na kuvua hakujakatazwa na kifungu hiki. Kilimo cha kulima hadi ukingoni mwa mto na kupulizia dawa kipo ndani ya katazo. Anayekiuka anaweza kuelekezwa aache. Anaweza kuamriwa arejeshe eneo katika hali yake kwa gharama zake. Akifikishwa mahakamani na kutiwa hatiani, adhabu ni faini, kifungo, au vyote viwili. Juu ya hapo zipo sheria ndogo za halmashauri, na zinatofautiana, kwa hiyo aliyeko Masasi asitumie maelezo ya Kilwa. Mashauri yaliyopo mezani sasa siwezi kuyazungumzia hapa.

Kwa nini tunasisitiza dawa? Nyanya za kiangazi hushambuliwa na utitiri mwekundu. Mkulima hununua dawa ya wadudu. Utitiri si mdudu kwa maana ya kitaalamu, ana miguu minane si sita, na dawa nyingi za wadudu hazimuui. Huua wale wanaomla. Wiki mbili baadaye utitiri wamezidi, mkulima anaongeza dozi, kisha bomba la kupulizia linaoshwa mtoni. Tunaweza kulaumiana kuhusu kibali mwaka mzima, lakini hapo ndipo maji yanapoharibika. Soma kibandiko: kama hakitaji utitiri, rudisha dukani.

Salfa ni jambo la peke yake, na najua nagusa mfuko wa watu. Sisemi wakulima wa korosho waache salfa, unga wanaopulizia kuzuia ukungu. Ubwiriunga, ukungu mweupe wa mikorosho, hauna huruma, na salfa si sumu kali kwa binadamu, ingawa huwasha macho na kifua. Ila ina mambo mawili ambayo wengi hawayapi uzito. Kwanza, huua utitiri wa aina nyingi, wazuri kwa wabaya, nayo hupuliziwa kiangazi, wakati muhogo uliopandwa chini ya mikorosho unawahitaji mno walinzi wake. Pulizia alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungalipo, na uelekeze kwenye mkorosho. Pili, ikifika ardhini bakteria wa udongo huibadilisha kuwa asidi. Utafiti uliofanyika kwenye mashamba ya korosho kusini mwa Tanzania umeonyesha udongo kuongezeka uchachu baada ya miaka ya matumizi. Mahindi na kunde huumia kabla mkorosho haujalalamika. Wanaosema salfa ni mbolea hivyo zidishe, nawaomba wapime udongo kwanza.

Uwanda wa Makonde unahitaji tahadhari zaidi. Mchanga wake wenye kina kirefu hupitisha maji kama kifumbu, ndiyo maana juu hakuna mito na chemchemi hutokea chini, miteremkoni na mabondeni, kama Mitema kule Kitangari, yanakosukumwa maji kurudi juu. Kilichomwagwa Newala au Tandahimba kina njia ya kushuka. Vilevile nyumba nyingi huvuna maji ya bati kwenye visima vya saruji. Vumbi la salfa la Julai hukaa juu ya bati hadi mvua ya kwanza. Chomoa mfereji, mvua ya mwanzo ipite nje, paa lioshwe, ndipo uurudishe. Kuvuna maji ya bati lako kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji kibali, nimeshaulizwa.

Wengine husema mwaka huu mvua zilikuwa nyingi, mito imejaa, kwa hiyo habari za ukame ni za semina. Kimbunga Hidaya kilileta mafuriko Mei 2024 na kukata barabara ya Lindi, na Kenneth alitupita jirani Aprili 2019 akaangukia Msumbiji. Mafuriko na ukame vinaweza kuja mwaka mmoja. Maji ya mafuriko hukimbilia baharini na hayaingii ardhini kwa kiasi unachodhani, na visima vilivyofurikwa navyo huhitaji kusafishwa kwa klorini kabla ya kutumiwa.

Anayetaka muhogo wake uchunguzwe alete vilele vyenye majani machanga, kutoka mimea kadhaa, vilivyokatwa asubuhi hiyohiyo, ndani ya bahasha ya karatasi. Mfuko wa nailoni hutoa jasho na sampuli huoza njiani. Aandike kijiji, tarehe, na dawa zote zilizopuliziwa jirani, ikiwemo salfa ya shamba la mwenzake.