Mguu uliokaza na mstari wa "Mengineyo": jinsi data zinavyotusaidia kuyajua maradhi ya ubongo

Mtoto analala mzima. Kesho yake, mara nyingi baada ya kutembea mwendo mrefu, miguu inatetemeka, inakaza, na anakanyaga kwa vidole. Hana homa. Ukimuuliza jina la mwalimu wake anakujibu bila kusita. Ndani ya siku chache hali inakuwa imefika ilipofika: haizidi, na ingawa wengine hupata nafuu kidogo majuma ya mwanzo, ulemavu hubaki naye maisha yake yote. Huo ndio konzo, ugonjwa unaoziharibu seli za neva zinazopeleka amri kutoka ubongoni kwenda miguuni.

Daktari Mwitaliano, Giovanni Trolli, aliuandika mwaka 1938 akiwa Kongo. Mwaka 1981 uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika mkoa wa Nampula, kaskazini mwa Msumbiji. Mwaka 1985 ukaonekana Tarime, mkoani Mara. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wagonjwa wakaripotiwa hapa kwetu mkoani Mtwara. Wanaoupata zaidi ni watoto waliovuka umri wa miaka mitatu na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Kwa idadi ya wagonjwa, kiharusi na kifafa vinaupita konzo mbali sana. Nimeuchagua kwa sababu sisi tunaochambua data za afya tunaulizwa kila mara kazi yetu inamfaa nini mtu wa Newala au Nachingwea, na sijaona ugonjwa unaolijibu swali hilo vizuri kama huu.

Chanzo chake kinajulikana kwa sehemu kubwa. Mihogo michungu ina kemikali iitwayo linamarini, ambayo ikivunjika hutoa sianidi. Mwili una njia ya kuiondoa sianidi: kimeng'enya kiitwacho rodanizi huigeuza kuwa thiosianeti, kitu chenye sumu ndogo kuliko sianidi, kinachotoka kwa mkojo. Ili kifanye kazi hiyo kinahitaji salfa. (Siyo ile ya kupulizia mikorosho, tafadhali! Ile ni ya kuua ubwiriunga. Salfa ya mwili inatoka kwenye protini ya samaki, mayai na nyama, na kwa kiasi kidogo kwenye kunde na mbaazi.) Kwa hiyo hatari inakuja pale mambo mawili yanapokutana kwa wiki kadhaa mfululizo: ugali wa mihogo ambayo haikuandaliwa sawasawa, na mboga isiyo na protini ya kutosha. Ukame huyaleta yote mawili pamoja. Muhogo uliopigwa na jua huongeza linamarini, na nyumba yenye njaa haina subira ya kungoja makopa yakauke siku zote zinazotakiwa. Wilayani Masasi, katika ukame wa mwaka 1988, watu walilewa sumu ya mihogo baada ya kukimbilia njia ya mkato ya kutwanga na kuanika, ile inayoitwa chinyanya.

Kuna jambo jingine la kwetu hasa, ambalo wageni hulisahau. Njia iliyo bora ya kuondoa sumu ni kuivundika mihogo kwenye maji kwa siku kadhaa. Sasa nenda ukamwambie hivyo mama wa Tandahimba wakati wa kiangazi, huko juu ya uwanda wa Makonde, ambako ndoo ya maji ni safari. Kuanika peke yake hupunguza sumu, lakini si kama kuvundika. Ukiiweka ramani ya vyanzo vya maji juu ya ramani ya vijiji vinavyotegemea mihogo michungu, halafu ukaongeza takwimu za mvua za Mamlaka ya Hali ya Hewa, unaweza kupata onyo kabla mtoto hata mmoja hajakaza miguu. Hayo ni matumizi ya data yasiyohitaji maabara ya mamilioni. Yanahitaji kwamba wagonjwa waliopita waliandikwa, na hapo ndipo tunapokwama.

Fuata safari ya taarifa. Mtoto anafikishwa zahanati. Mganga mfawidhi anaandika kwenye Kitabu Namba 5 cha MTUHA (mfumo wa serikali wa kukusanya taarifa za huduma za afya), kile cha wagonjwa wa nje: umri, jinsi, kijiji, ugonjwa. Mwisho wa mwezi hesabu zinajumlishwa na kuingizwa kwenye mfumo wa DHIS2, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo leo inatumiwa na nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo. Ugonjwa usio na mstari wake kwenye fomu unaangukia "Mengineyo". Mimi nikifungua mfumo huo nikiwa Mtwara mjini naona tarakimu tu. Ndani ya "Mengineyo" kunaweza kuwa na jipu, kuumwa na siafu na konzo, na kompyuta haina njia ya kuvitenganisha. Programu ya bei kubwa kuliko zote duniani haiwezi kuutoa ugonjwa ambao haukuandikwa.

Wakati mwingine mtoto huyo anaingia kwenye taarifa za polio. Utaratibu unataka kila mtoto wa chini ya miaka 15 aliyepooza ghafla kwa kulegea atolewe taarifa na achukuliwe sampuli mbili za choo. Utaratibu huo ni mzuri na usiguswe. Lakini polio hulegeza, konzo hukaza. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani liliweka vigezo vitatu vya konzo: kwanza, mwendo wa kukaza unaoonekana kwa miguu yote miwili mtu akitembea au kukimbia; pili, ugonjwa uliomwanza ghafla, chini ya wiki moja, mtu aliyekuwa mzima, kisha usiendelee; na tatu, magoti au vifundo vya miguu vinavyoruka kupita kiasi vikigongwa, bila dalili ya ugonjwa wa uti wa mgongo. Vyote vitatu vinapimika kwenye zahanati ya kijijini kwa macho, masikio na nyundo ndogo ya mpira. Kipimo cha picha ya ubongo hakihitajiki, na kwa wagonjwa wengi wa konzo picha hiyo hurudi ikionyesha ubongo wa kawaida.

Kigezo cha pili kinategemea masimulizi, na masimulizi yanataka muulizaji mwenye adabu. Nimesikia mahojiano mengi yakiharibika kwa sababu muuguzi kijana alianza na "Mnakula nini nyumbani?", mama akasikia anatukanwa umaskini wake. Linganisha na haya:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole na mjukuu. Hebu nisaidie, bibi. Unga wa mwezi huu ulikuwa wa makopa ya zamani au mliuharakisha kidogo?"

"Mh. Tuliuharakisha. Ghala lilikuwa tupu, tungefanyaje?"

Sentensi mbili za bibi huyo, zikiandikwa pembeni ya tarehe na jina la kijiji, zina thamani kwa mchambuzi kuliko kurasa kumi za majedwali.

Sasa tuje kwenye bayoinfomatiki yenyewe, yaani kutumia kompyuta na hesabu kusoma taarifa za viumbe: vinasaba, protini, vijidudu. Kwa maradhi ya ubongo elimu hii ina umuhimu wa pekee, kwa kuwa ubongo wa mtu aliye hai haukatwi kipande kikapelekwa maabara bila sababu nzito. Tunalazimika kuusoma kwa kuzunguka: damu, mkojo, kinyesi, historia ya mgonjwa.

Swali ambalo limewasumbua watafiti wa konzo ni hili: watu sita wanakula sufuria moja, anakaza mmoja. Kwa nini yeye? Timu moja ya watafiti wa Kongo na Marekani ilikwenda Kahemba, kusini magharibi mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikachukua sampuli za kinyesi na kusoma vinasaba vya bakteria wote waliomo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Mashine ya kusoma vinasaba haikupi bakteria mmoja mmoja; inakupa mamilioni ya vipande vifupi vya wote kwa pamoja. Kazi ya programu ni ile ya bibi mwenye ungo anayechambua kunde, choroko na mbaazi zilizochanganyika, ila hapa kila punje imevunjika vipande na kila kipande kinatambuliwa kwa kulinganishwa na maktaba ya vinasaba vinavyojulikana. Walichokiona ni kwamba bakteria wa tumboni kwa watu wa Kahemba walitofautiana na wa maeneo yasiyo na konzo, hasa kwa jeni zinazohusu kuivunja linamarini na kuiondoa sianidi. Yaani sehemu ya jibu la ugonjwa wa ubongo huenda iko utumboni. Bado haijathibitishwa kwamba bakteria hao ndio chanzo cha mmoja kukaza na mwenzake kupona, na binafsi ningependa kuona kazi kama hiyo ikirudiwa Newala kabla sijaisemea sana.

Kazi nyingine ya utafiti ya Kahemba, ya mwaka 2013, ndiyo inayoninyima usingizi. Watafiti waliwapima watoto uwezo wa kukumbuka na kujifunza. Wenye konzo walipata alama za chini, jambo lililotarajiwa. Lakini hata watoto wasio na konzo kutoka nyumba zenye mgonjwa walikuwa chini kuliko watoto wa eneo lisilo na mlipuko. Miguu yao ilikuwa mizima. Kwenye kitabu chochote cha zahanati watoto hao hawapo.

Data za protini zimetumika pia kukichunguza kifafa kinachohusishwa na usubi, ugonjwa uliofuatiliwa Mahenge tangu enzi za daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanza kuwatibu wagonjwa huko miaka zaidi ya sitini iliyopita. Mwaka 2017 watafiti waliotumia sampuli kutoka Uganda walipendekeza kwamba kingamwili zinazotengenezwa kupambana na minyoo ya usubi huishambulia pia protini moja ya ubongo, leiomodini, kwa kuwa inafanana na ya mnyoo. Baadhi ya tafiti zilizofuata hazikuuona uhusiano huo. Mabishano yanaendelea, na ndivyo sayansi inavyopaswa kuwa.

Kwenye maradhi mengine tuna shida ya kukosekana kabisa. Makala moja ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika tafiti kubwa za kuoanisha jeni na magonjwa, asilimia 78 ya washiriki walikuwa wenye asili ya Ulaya, na wenye asili ya Afrika asilimia 2. Athari yake si ya nadharia. Jeni iitwayo APOE, aina yake ya nne, ndiyo alama maarufu zaidi ya hatari ya Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, uzeeni, lakini uzito wake kwa watu wenye asili ya Afrika ni mdogo kuliko kwa Wazungu. Kipimo kilichotengenezwa kwa data za London kinaweza kumtisha mzee wa Kilwa bila sababu. Kwa hiyo ukiombwa na watafiti wenye kibali uchangie damu, kuna faida ya kweli katika kukubali.

Na kuna haki ya kukataa pia. Utafiti wowote wa aina hii lazima uwe na kibali cha maadili, na kwa nchi yetu Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ndiyo yenye dhamana ya kitaifa. Fomu ya ridhaa isomwe kwa Kiswahili unachokielewa. Unaruhusiwa kujitoa, na matibabu yako hayaguswi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya na za vinasaba kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwenye kijiji kidogo kufuta jina hakutoshi: ukiandika "msichana, miaka 14, konzo" pamoja na jina la kitongoji, kila mtu sokoni anajua ni binti wa nani, na wapo watakaosema amerogwa. Ndiyo maana tunapotoa ramani tunaishia ngazi ya kata au wilaya, hata kama mwanasiasa au mwandishi wa habari anataka kijiji.

Kama kuna mtu nyumbani aliyepatwa na udhaifu wa ghafla wa miguu, ukiwa wa kulegea au wa kukaza, mpeleke kituoni siku hiyo hiyo. Kama ni polio, muda wa sampuli ni mfupi. Nenda na majibu ya mambo manne: siku ilipoanza, kama imeendelea kuzidi, chakula cha wiki nne zilizopita, na kama jirani ana tatizo kama hilo. Omba neno "kukaza" au "kulegea" liandikwe kwenye kadi.

Na kwa unga ambao tayari uko ndani na una wasiwasi nao, kuna njia iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia na kujaribiwa huku kusini, isiyotaka maji mengi. Tia unga kwenye chombo, ongeza maji huku ukichanganya mpaka ulowe. Utandaze kwenye mkeka, unene usizidi sentimita moja. Uache juani kwa muda wa saa mbili au kivulini kwa muda wa saa tano, gesi ya sianidi itoke yenyewe hewani. Kisha songa ugali siku hiyo hiyo, maana unga uliolowa haulali.