Kwa nini mtoto mwenye ugonjwa wa moyo huandikiwa "dawa ya wanaume"?

Mama akifika duka la dawa pale Mwanjelwa, Mbeya, na cheti kilichoandikwa sildenafili, na mgonjwa mwenyewe ni mtoto wa miaka saba aliyemshika mkono, muuzaji hukisoma mara mbili. Hajakosea mtu. Ndiyo ileile Viagra inayotajwa vijiweni kwa kunong'ona.

Kumbe ilianzia kwenye moyo. Kampuni ya Pfizer iliijaribu kwanza kwa maumivu ya kifua. Ile sifa nyingine, ya kuongeza nguvu za kiume, ilijitokeza humohumo kwenye majaribio, na mwaka 1998 Marekani ikaiidhinisha kwa wanaume. Mwaka 2005 ikaruhusiwa pia kwa presha ya mapafu. Kazi yake ni kulegeza kuta za mishipa ya damu, na mapafuni hulegeza vizuri sana.

Sasa mtoto aliyezaliwa na tundu kubwa kwenye moyo: damu humiminika mapafuni kwa kishindo miaka nenda rudi, mpaka mishipa ya huko inakuwa minene na kubana. Hiyo ndiyo presha ya mapafu. Akikimbia, miguu inadai oksijeni, moyo unasukuma, damu haipiti. Anakaa chini, midomo inaweza hata kugeuka bluu, na wenzake wanamwita mvivu.

Mbeya inamwongezea mzigo. Mji uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na pumzi moja hapa ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Dar es Salaam. Mapafu yakipungukiwa oksijeni, mishipa yake hujikaza yenyewe. Mwenye moyo mzima hata hajui. Huyu anaujua kila mwinuko wa njia ya shule.

Wapo pia wanaozaliwa na chumba kimoja tu cha kusukumia damu. Upasuaji ulioanzishwa na Mfaransa Francis Fontan mwaka 1968 huielekeza damu chafu, iliyoishiwa oksijeni, moja kwa moja mapafuni, bila pampu. Mishipa ikilegea kidogo tu, kwao ni nafuu. Hata hivyo tusiikuze dawa. Ndugu yake, udenafili, ilijaribiwa kwa vijana 400 wa aina hii, matokeo yakatoka 2019: walipofikishwa kwenye ukomo wa nguvu zao, waliomeza dawa hawakuwazidi wenzao kwa kiasi cha kutegemewa. Nafuu ilionekana kwenye mazoezi ya kadiri, na maisha ya mtoto kwa kweli ni hayo ya kadiri.

Tundu lenyewe dawa haizibi. Hiyo ni kazi ya wataalamu kama wale wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na mapema, kabla mishipa haijaharibika.

Wala usimkatie mtoto kidonge cha baba. Hicho mara nyingi ni cha miligramu 50 au 100. Cha mtoto hupimwa kwa kilo zake, na mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya watoto waliopewa dozi kubwa kufa zaidi ya waliopewa ndogo.