Mfuniko wa kutumika tena: kipi hasa kinachorudiwa?

Ukitoka Dar es Salaam na pakiti ya krispi kwenye mkoba, ukimaliza kupanda kona za mlima Kitonga, njia ya Iringa, utaikuta imevimba kama puto. Safari ya kurudi ni kinyume chake. Chupa ya maji uliyoimaliza na kuifunga vizuri Makambako, ukifika Chalinze imebonyea yenyewe, mbavu ndani, na hakuna aliyeigusa. Aliyeibonyeza ni hewa. Hewa ya kule chini ina mgandamizo mkubwa kuliko ile uliyoifungia huku juu.

Aliyewahi kuishangaa chupa ile ameshaijua nusu ya habari ninayotaka kuieleza, kwa sababu mfuniko wa chupa ya jamu au ya nyanya hubanwa kwa njia hiyohiyo. Watu hufikiri unashikwa na meno ya kusokota. Meno yanausaidia tu siku ya kwanza.

Nimeulizwa mara nyingi, hasa msimu wa nyanya kule Ilula unapofurika na bei ya tenga kuporomoka, hii "mifuniko ya kutumika tena" ni kitu gani. Anayeuliza mara nyingi ameshajibu moyoni: ni ule mfuniko wa bati wa jamu ya dukani, unauosha, unaufunga tena, basi. Hapana, huo ni mwingine kabisa, na kuchanganya hiyo miwili ndiko kunakoharibu chupa nyingi za watu.

Tuanze na huo wa dukani. Ni bati la kipande kimoja, na ukiugeuza utaona ukingoni utando laini wa plastiki. Kiwandani utando huo hulainishwa na joto, ukashika umbo la mdomo wa chupa ile uliyonunua. Ukifungua, alama ya mdomo imeshabaki humo. Ukiufunga tena utakaza, ndiyo, na utafaa sana kwa karanga, iliki au unga wa pilipili. Lakini kuutegemea uzuie hewa miezi sita juu ya nyanya ulizopika ni kubahatisha. Aina ya pili ni ile wanayoitumia zaidi Wamarekani nyumbani: kisahani bapa cha bati chenye utando wa namna hiyo, na ringi ya chuma ya kukikazia. Ringi hurudiwa miaka na miaka, kisahani hutumika mara moja kikatupwa.

Aina ya tatu ndiyo tunayoizungumzia. Ni vipande vitatu. Kuna kisahani kigumu, cha plastiki inayohimili maji yanayochemka au cha kioo. Kuna pete ya mpira, ambayo haikugandishwa kwenye kisahani bali inavuliwa. Kisha kuna kitu cha kuvishikilia hivyo viwili wakati wa kuchemsha: ringi ya kusokota kama ile niliyoitaja, au vibanio vya chuma. Utando umetenganishwa na mfuniko. Ujanja wote uko hapo. Kinachochoka ni mpira, na mpira unabadilishwa peke yake.

Wazo lenyewe si jipya hata kidogo. Mfaransa Nicolas Appert, aliyepewa na serikali yake faranga 12,000 mwaka 1810 kwa kugundua namna ya kuhifadhi chakula ndani ya chupa, alitumia vizibo. Mwaka 1858 Mmarekani John Landis Mason akapata hataza ya chupa ya kioo yenye meno mdomoni, na kwa miongo mingi iliyofuata akina mama wa kule walifunga kwa mifuniko waliyoiosha na kuirudia, chini yake pete ya mpira. Wajerumani wa kampuni ya Weck, iliyoanza mwaka 1900, hadi leo wanauza chupa zenye mfuniko wa kioo na pete ya mpira. Kisahani cha kutupwa ndicho kilichokuja baadaye, kwa sababu ni rahisi na kinajifunga bila kubembelezwa. Mifuniko ya plastiki ya Tattler ilianza Marekani mwaka 1976, na ilitafutwa sana mwaka 2020, wakati wa korona, visahani vya kutupwa vilipoadimika madukani kule.

Sisi huku hatukungoja korona. Visahani hivyo havijawahi kuwa kitu cha kukuta duka la mtaani, Mbeya wala Iringa. Kwa hiyo hoja ya "kuokoa mazingira" inayotangazwa sana nje, kwangu ni ya pili. Ya kwanza ni kwamba ukiagiza kitu mbali, na nauli ya mzigo juu yake, unataka kikae.

Sasa namna unavyofanya kazi. Umejaza nyanya za moto, umeacha nafasi juu kama sentimita moja na kitu, umefunga. Chupa inaingia kwenye sufuria ya maji na kuchemka. Ndani, hewa iliyobaki juu ya nyanya inapanuka na mvuke unaongezeka, vyote vinataka kutoka. Lazima vipewe njia. Mpira unaruhusu vipenye kidogo kidogo kwenda nje bila maji ya sufuria kuingia. Ukishaipua, kilichobaki ndani ni mvuke zaidi kuliko hewa, na mvuke ukipoa hurudi kuwa maji, ukaacha mahali pakiwa karibu patupu. Hilo ndilo ombwe. Hewa ya nje haina subira na mahali patupu: inausukuma mfuniko chini, mpira unabanwa kwenye mdomo, na kuanzia hapo ringi haina kazi tena. Inavuliwa. Ukiiacha itashika kutu, na ubaya zaidi, itakuficha mfuniko ulioachia.

Kwenye kukaza ndipo wengi tunapokosea, na mimi nilikosea chupa nne za mapichi kabla sijasikia. Mikono yetu imezoea kukaza dumu la mafuta. Ukikaza ringi hivyo, hewa haina pa kutokea, na kisahani kinaweza kupinda. Kwenye mifuniko ya plastiki unakaza kwa ncha za vidole tu, na mitengenezo mingine inataka uirudishe nyuma kidogo baada ya hapo; soma karatasi iliyokuja nayo, kwa sababu haifanani. Halafu, chupa ikishatoka kwenye maji na mapovu ya ndani yakitulia, unashika kwa kitambaa na kukaza sasa hivi, ingali moto. Hatua hii ya mwisho ni ya mifuniko hii peke yake. Kile kisahani cha bati ukikikaza baada ya kuchemsha unakikoroga utando na kukiharibu. Mtu aliyezoea kimoja akahamia kingine bila kuambiwa hili, ataapa kwamba vyote ni takataka.

Chupa za moto usiziweke kwenye sakafu ya saruji. Juni na Julai Njombe au Makete saruji ile ni kama barafu, na kioo hakipendi. Tandika kanga kuukuu, ziache nafasi kati yake, zikae saa 12 hadi 24 bila kuguswa.

Usingoje mlio. Kisahani cha bati hubonyea na kusema "ta!" kikishika; hiki cha plastiki ni kigumu, hakisemi wala hakibonyei. Kipimo chake ni mkono: chupa ikishapoa kabisa, vua ringi, shika mfuniko kwa vidole pembeni, inyanyue chupa kidogo juu ya meza. Ikinyanyuka, imeshika. Ikibaki mezani na mfuniko mkononi, chupa hiyo ni ya jokofu na ya wiki hii. Mfuniko usioshika kwa kawaida una sababu ya kipuuzi: kipande cha ganda la nyanya mdomoni, mafuta kwenye ukingo, mdomo wenye pengo dogo ambalo jicho halikuliona lakini kidole kingeliona. Pitisha kidole kila mara.

Mpira wenyewe hukaguliwa kama unavyokagua ule wa presha kuka. Uvute taratibu, uukunje, uutazame kwenye mwanga. Wenye ufa, ulionyooka na kukataa kurudi, uliokauka kama ngozi ya kiatu, haurudi kwenye chupa. Idadi ya miaka sitakupa, maana inategemea umeuchemsha mara ngapi na umeuhifadhi wapi. Jua la dirishani linauua haraka kuliko moto. Doa jekundu la nyanya si kosa. Chupa za Weck ni shauri jingine: pete zao za mpira hushauriwa kubadilishwa kila unapohifadhi upya, ingawa kioo chake kitamzika mwenye nyumba.

Kuna jambo ambalo jina "mfuniko" linalificha, na hapa naomba nikae kidogo. Mfuniko hauhifadhi chakula. Unazuia tu wageni wapya wasiingie. Waliokwisha kuwamo huuawa na joto au huzuiwa na asidi, na mmoja wao, bakteria aitwaye Clostridium botulinum, hupenda mahali pasipo hewa. Vijimbegu vyake havifi kwa maji yanayochemka. Kwa maneno mengine, ombwe zuri juu ya chakula kisicho na asidi ni kumtandikia kitanda, na sumu yake inaweza isibadilishe harufu wala ladha. Anazuiwa pale asidi inapotosha, yaani pH (kipimo cha asidi, ambacho namba ikishuka asidi imezidi) ya 4.6 au chini yake. Jamu, achari na matunda mengi yako salama upande huo. Nyanya ziko mpakani, ndiyo maana huongezwa juisi ya limau iliyosindikwa, ambayo ukali wake haubadiliki kama wa limau la mtini: kijiko kikubwa kimoja kwa chupa ya nusu lita, viwili kwa ya lita. Pichi lenye nyama nyeupe nalo linaweza kupungukiwa asidi. Maharage ya njano, mahindi mabichi, nyama, parachichi: usivifunge kwenye chupa kwa sufuria ya maji, uwe na mfuniko wa aina yoyote duniani. Na presha kuka ya jikoni si badala ya mtambo wa kuhifadhia wenye kipimo cha mgandamizo. Inapanda joto haraka, inapoa haraka.

Halafu kuna milima. Mbeya mjini tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina mgandamizo wa kama nne ya tano tu ya ule wa pwani. Maji huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Njombe, palipo juu kutuzidi, huchemka kwa nyuzi chini ya hapo. Yanarukaruka vilevile, yanapiga kelele vilevile, lakini hayana moto ule ulioandikwa kwenye maelekezo ya watu wa pwani ya bahari. Kwa hiyo muda unaongezwa. Kwenye majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, jamu inayochemshwa dakika 5 usawa wa bahari huchemshwa 10 mahali kama Mbeya na Iringa, na 15 ukivuka mita 1,830 hivi, yaani Njombe na Makete. Nyanya zilizopondwa, chupa ya nusu lita, ni dakika 35 pwani, 45 kwetu, 50 Njombe. Maji yafunike mifuniko kwa sentimita mbili na nusu muda wote huo. Mkaa unakwenda, ndiyo.

Chupa iliyoharibika kwa kawaida hujisema, ukiondoa ile ya botulini inayoweza kunyamaza. Wenyeji wa Iringa na Njombe wanaujua ulanzi: ukiufungia kwenye dumu na kukaza, kesho dumu limefura tumbo, keshokutwa mfuniko umeruka hadi kwenye dari. Uchachu hutengeneza gesi, na gesi husukuma kutoka ndani. Chupa yako ya nyanya ukiikuta mfuniko umelegea, au ukifungua ikarusha povu kama ulanzi wa siku ya tatu, usionje. Itupe mahali ambapo kuku wala mbwa hawatafika.

Iliyo nzima, kinyume chake, hufunguka kwa taabu. Msimu uliopita nilimtumia mdogo wangu aliyeko Dar chupa tatu za jamu ya mapichi. Akapiga simu: "Dada, hizi umezigundisha na nini?" Nikamwambia sijagundisha, ni Kitonga. Nilizifunga kwenye hewa nyepesi, akawa nazo kwenye hewa nzito, mfuniko ukabanwa zaidi ya ulivyokuwa mezani kwangu. Nikamkataza kisu, maana kisu hukwaruza kisahani na kukata mpira. Apenyeze ncha ya mpini wa kijiko chini ya mpira, polepole, mpaka asikie "fss". Nikamsisitizia arudishe kila kitu, kwa sababu mfuniko wa kutumika tena ukienda zawadi na usirudi umekuwa wa kutumika mara moja kama ule wa bati.

Desemba alikuja. Chupa tatu, ringi tatu, visahani vitatu, vyote vimeoshwa vikang'aa. Mipira ilikuwa miwili. Wa tatu, alisema, anafungia mfuko wa dagaa.