Kuhuishwa kiroho si mpaka mkesha: dhana tunazobeba na ukweli wake

Mwezi Juni na Julai baridi ya Mbeya inauma. Alfajiri pale Uyole utawakuta akina mama wamejifunga vitenge juu ya masweta, vidole vimekakamaa, wanachambua viazi kabla magari hayajafika. Mmoja wao ni jirani yangu. Mwaka jana alikaa karibu miezi minane bila kukanyaga kanisani. Hakuwa amegombana na mtu. Nilipomuuliza, alinijibu kwa sauti ya chini: "Dada, mimi nimepoa. Nasubiri semina kubwa ije, labda nitawaka tena."

Jibu hilo nimelisikia kwa wengi. Tunaimba vizuri na makanisa yetu yanajaa, lakini kuna mambo tunaambizana kuhusu imani ambayo hayamo katika Biblia tunazobeba kwapani. Nayaandika kwa sababu yanawaumiza watu ninaowapenda.

Dhana: Kuhuishwa huja kwa kishindo, kwenye mkesha au mkutano mkubwa

Sipingi mikesha. Mimi mwenyewe nimelia na kutubu kwenye mkesha. Lakini tuangalie historia ya kanisa ambalo wengi wetu huku tumelelewa ndani yake. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, wakipitia Ziwa Nyasa. Kanisa lililowatuma linakumbuka uamsho wake wa Herrnhut, Ujerumani, tarehe 13 Agosti 1727, wakati wa ibada ya Meza ya Bwana. Mahubiri mengi huanzia siku hiyo na kuishia hapo.

Kabla ya Agosti ile, kijiji kizima kilikuwa kwenye magomvi. Walikuwa wakimbizi wa imani waliochoshana, wakibishana juu ya mafundisho na juu ya maisha ya pamoja. Zinzendorf, mwenye ardhi waliyoishi, alipita nyumba kwa nyumba akizungumza nao, na tarehe 12 Mei wakatia saini makubaliano ya kuishi kama ndugu. Upatanisho ulitangulia, machozi ya Meza ya Bwana yakafuata. Na baada ya hapo hawakukaa kusubiri tukio lingine. Mwezi huohuo wa Agosti wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za usiku na mchana, kila mmoja na saa yake ya kuomba, na zamu ile ikaendelea kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1728 wakaanza kupeana mstari mmoja wa Biblia kwa kila siku. Tangu 1731 mistari hiyo huchapwa kitabu kila mwaka, mpaka leo.

Bibi yangu wa Tukuyu hakujua tarehe hizo, ila alijua moto unavyotunzwa. Usiku alifukia kaa kubwa ndani ya majivu. Asubuhi, mvua ikiwa bado inagonga bati, alifukua taratibu kwa kijiti, akaweka mabua ya mahindi yaliyokauka, akainama kupuliza mpaka macho yanamtoka machozi. Palepale, kabla hajabandika chai, alisema "Ndaga, Kyala", asante Mungu, akawataja watoto wake mmoja mmoja. Sikumbuki siku aliyoruka. Paulo anasema utu wetu wa ndani "unafanywa upya siku kwa siku". Na yule aliyeandika kwamba rehema za Bwana "ni mpya kila siku asubuhi" aliandika akiombolezea Yerusalemu iliyobomolewa.

Dhana: Ukikosa hamu ya kuomba, kuna dhambi umeficha, au Mungu amekuacha

Dhambi ipo, na toba haina mbadala. Zaburi ya 51 tunaihitaji sote. Ila si kila uchovu ni dhambi. Eliya, akitoka kuwashinda manabii wa Baali pale Karmeli, alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumuuliza alikosea wapi. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili akamwambia ale, maana safari ilikuwa inamzidi nguvu. Mazungumzo yake na Mungu kwenye mlima Horebu yalikuja baadaye, mtu akiwa ameshashiba na kulala.

Mama anayeamka saa kumi usiku, akashinda sokoni, akarudi kupikia watu saba, akisinzia kwenye maombi usimpe somo la roho ya uvivu. Mpokee mtoto, mwache alale. Na kama huzuni imekaa wiki kwa wiki, mtu hali, halali, anazungumza habari za kufa, muombee na umsindikize hospitali. Sonona ni ugonjwa. Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila neno moja la faraja mwishoni, na bado imo ndani ya Maandiko kwa ajili ya watu wa hali hiyo.

Dhana: Mwenye imani ya kweli akishaombewa anaacha dawa

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu dhana hii inazika watu. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/2023 uliiweka mikoa yetu mitatu juu kabisa: Njombe asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Maana yake ni kwamba kwenye kwaya zetu wapo wanaomeza ARV, dawa za kufubaza VVU, kimyakimya na kuogopa kuonekana.

Binamu yangu aliwekewa mikono kwenye mkutano, akaambiwa amepona, arudi nyumbani na asimkufuru Mungu kwa kuendelea na vidonge. Akavitupa chooni. Kwa wiki za mwanzo alijisikia vizuri, tukashangilia naye. Ndivyo inavyokuwa. Mtu akiacha ARV hadondoki kesho yake, lakini virusi vilivyokuwa vimefubazwa huanza kuzaliana tena ndani ya wiki chache, na kinga hushuka mwenyewe hajui. Tulimpeleka hospitali akiwa na kifua kikuu, amebaki mifupa. Alichoniambia kitandani sijakisahau. Hakuwa analilia mwili wake. Alikuwa anauliza kama imani yake ilikuwa ndogo kiasi gani mpaka Mungu akamkatalia.

Hilo ndilo linaloniuma. Tulimwongezea mgonjwa mzigo wa hatia.

Isaya alipompelekea Mfalme Hezekia habari ya kuponywa, aliagiza pia tini zipondwe ziwekwe juu ya jipu. Paulo, ambaye aliombea wagonjwa wakapona, alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na alimwita rafiki yake Luka tabibu mpendwa. Kuombewa na kumeza dawa havijawahi kugombana kwenye Biblia. Anayetumia ARV vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, anaweza kuzaa watoto wasio na VVU na kuwasomesha. Anayesema ameponywa kwa muujiza, mshukuruni Mungu pamoja, na arudi kliniki apimwe. Muujiza wa kweli hauogopi kipimo, na mpaka daktari atakaposema vinginevyo, dawa zinaendelea.

Dhana: Maombi yenye nguvu ni marefu na ya sauti kubwa

Nehemia aliomba kati ya swali la mfalme na jibu lake mwenyewe. Mtoza ushuru alisema maneno machache tu, akarudi nyumbani amehesabiwa haki. Baba Yetu haimalizi dakika. Kwenye bajaji kutoka Uyole mpaka Mwanjelwa unaweza kuiomba na kuirudia mara kadhaa, ukitua kwenye kila ombi.

Dhana: Ibada ni Jumapili, biashara ni biashara

Tusifichane, lumbesa tunaijua. Gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini linashonewa kilemba mpaka mkulima wa Umalila anauza karibu gunia na nusu kwa bei ya moja. Anayenunua hivyo anaweza kuwa ndiye anayeongoza sifa keshokutwa. Mithali inasema, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA." Kuna mtu anafunga siku tatu kutafuta upya wa roho, wakati upya wake unamngoja pale kwenye mzani.

Yule jirani yangu semina hakuipata. Alhamisi moja jumuiya yetu ilihamia kwake. Tulikaa juu ya magunia tukachambua viazi naye, vikubwa huku, mbegu kule, vilivyooza pembeni. Tukaimba wimbo mmoja. Mzee wetu akasoma habari ya baba aliyemwambia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Jirani akaomba mstari urudiwe. Ukarudiwa, tukaendelea kuchambua.

Jumapili alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, udongo bado uko kwenye kucha. Tulipofika kwenye Baba Yetu niliisikia sauti yake nyuma yangu, inatangulia kidogo mbele ya wengine.