Usinunue giza: miwani ya kuendeshea baiskeli barabarani

Mei 2022, katika mji wa Jesi nchini Italia, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua ya 10 ya Giro d'Italia. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua katika mojawapo ya mashindano matatu makubwa ya baiskeli duniani. Alipopanda jukwaani akainamia chupa ya mvinyo ili kuifungua, kizibo kikafyatuka na kumpiga jicho la kushoto. Damu ikavuja ndani ya chumba cha mbele cha jicho, na kesho yake hakupanda tena baiskeli. Alikuwa ameendesha karibu kilomita 200 siku hiyo bila kuumia jicho.

Sisi tunaotibu macho tunalijua jeraha la namna hiyo. Mfupa unaolizunguka jicho huzuia ngumi na mpira mkubwa. Vitu vidogo hupenya katikati: kizibo, kokoto, mdudu, ncha ya tawi. Mwendesha baiskeli hukutana navyo kila siku, tena kwa kasi yake ikijumlishwa na ya kile kinachomjia. Kokoto lililorushwa na tairi la lori linalokuja mbele halikupi nafasi hata ya kupepesa. Tawi ndilo linalotutia hofu zaidi kliniki, ingawa wagonjwa hulidharau. Mkwaruzo wa jani au mwiba unaweza kuingiza fangasi kwenye konea, ile sehemu angavu iliyo mbele ya jicho, na kidonda cha fangasi hutibiwa kwa wiki nyingi na mara nyingi huacha kovu.

Kisha kuna jua, upepo na vumbi, ambavyo huharibu polepole. Wanaoshinda nje kwa miaka mingi ndio tunaowaona wakiwa na kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho, upande wa pua, na kusogea kuelekea kwenye mboni. Mionzi ya urujuanimno, yaani UV, huchangia pia mtoto wa jicho.

Sasa tuje sokoni. Mtu akisikia habari za jua huenda kwa machinga, akajaribu miwani tatu, akachagua iliyo nyeusi kuliko zote. Hapo ndipo fedha zinapopotea. Weusi wa lenzi na kinga ya UV ni mambo mawili tofauti: lenzi nyeupe kabisa, yaani angavu isiyo na rangi, inaweza kuzuia UV yote, na nyeusi tii ikapitisha. Mbaya zaidi, nyuma ya lenzi nyeusi mboni hupanuka, na kama hakuna kinga, mlango umefunguliwa kwa mionzi ileile uliyoikimbia. Kibandiko cha "UV400" kinamaanisha kwamba lenzi inazuia mionzi hadi urefu wa wimbi wa nanomita 400. Kwa bahati mbaya, kuchapa kibandiko ni rahisi. Baadhi ya maduka ya miwani yana kipimo kidogo cha UV. Omba wakupimie kwa dakika moja.

Kwa barabarani, kitu cha kulipia kwanza ni plastiki yenyewe. Lenzi ya kioo ikigongwa huvunjika vipande vyenye makali, sentimita chache tu kutoka kwenye jicho. Akriliki, ambayo hutumika katika miwani nyingi za bei rahisi, nayo hupasuka. Unachotaka ni polikaboneti, ambayo hupinda na kustahimili kishindo, na kwa asili yake huzuia karibu UV yote hata ikiwa haina rangi.

Ushauri ninaowapa wagonjwa huwachekesha: nenda hadiwea. Ile miwani myepesi anayovaa fundi akikata chuma kwa grainda hutengenezwa kwa polikaboneti, inazunguka hadi pembeni mwa uso, na kwa kawaida bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya miwani ya baiskeli yenye jina. Isome kwenye lenzi na kwenye mkono wake. Alama ya EN 166 ni ya kiwango cha Ulaya cha vifaa vya kukinga macho kilichotumika kwa miaka mingi. Herufi F inayoambatana nayo maana yake ni kwamba lenzi ilistahimili gololi ya chuma ya milimita 6 iliyorushwa kwa mita 45 kwa sekunde, sawa na kilomita 162 kwa saa. Tarakimu 1 iliyo kabla ya F ni daraja la ubora wa kuona, linalofaa kuvaliwa muda mrefu. "2C-1.2" ni lenzi nyeupe yenye kinga ya UV, "5-3.1" ni ya giza ya juani. Bidhaa zinazofuata kiwango cha Marekani huandikwa Z87, na zilizopita jaribio la kishindo kikubwa huongezewa alama ya kujumlisha: Z87+. Miwani nyingi za mitindo hazijawahi kupimwa kwa gololi yoyote.

Alama nazo hughushiwa. Kwa hiyo inyooshe miwani mbele yako, tazama mstari wa dirisha au wa vigae kupitia lenzi, halafu isogeze polepole. Mstari ukipindapinda, iache.

Kama fedha inatosha jozi moja tu, nunua nyeupe. Kwetu karibu na ikweta jua huzama haraka, na aliyetoka kazini na miwani nyeusi hujikuta gizani kabla hajafika nyumbani, akaivua wakati wadudu ndio wanaanza kuruka. Ukipata ya pili, chukua ya kategoria 3 ya weusi, inayopitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga. Kategoria 4, nyeusi kuliko zote, haifai barabarani. Ile ya njano inayouzwa eti kwa ajili ya usiku hupunguza mwanga ambao tayari ni mdogo. Ya polaraizi hutuliza mng'ao wa lami iliyolowa, lakini inaweza pia kukuficha dimbwi au mafuta.

Vaa, tikisa kichwa, tazama chini. Isiteleze, isiguse kope, na kidole kisipite kwa urahisi kati ya fremu na shavu. Ukungu ukisumbua, paka tone la sabuni ya maji, kausha kwa kitambaa laini bila kusuuza. Wenye miwani ya daktari waagize lenzi za polikaboneti, au wavae ile pana ya fundi juu ya ya kawaida. Haipendezi, lakini inafanya kazi. Vumbi lisuuzwe kwa maji kwanza, maana kufuta kwa shati kukavu ni kupiga msasa. Thina na asetoni huipasua polikaboneti.

Miwani haitangulii helmeti wala breki. Helmeti nunua mpya yenye alama ya EN 1078 (kiwango cha Ulaya) au CPSC (cha Marekani), hata kama ni ya bei ya chini. Ya mtumba huwezi kujua ilishaanguka mara ngapi, na povu lake likishagongwa haliaminiki tena. Taa nyekundu ya nyuma na kizibao cha reflekta vinafuata. Glovu za kazi kutoka hadiweani hukinga viganja vizuri tu, na jezi inaweza kusubiri.

Kitu kikiingia jichoni, simama, usisugue, suuza kwa maji safi mengi. Kilichochoma au kunasa usikichomoe. Funika bila kugandamiza na uende hospitali. Usitie maziwa wala dawa ya majani. Na usinunue matone ya jicho duka la dawa kwa kukisia, hasa yenye deksamethasoni, dawa ya aina ya steroidi: hupunguza wekundu na maumivu, ukadhani umepona, kumbe fangasi inastawi chini yake. Jicho likiendelea kuuma, kuona ukungu, kukimbia mwanga, au likiwa na doa jeupe kwenye konea, lipelekwe kwa mtaalamu wa macho siku hiyohiyo.