Kwa nini penisilini moja ni sindano na nyingine ni kidonge?

Penisilini G kwa kawaida hudungwa sindano. Penisilini V humezwa, na ndiyo wanayopewa watoto wengi wenye selimundu ili kuwakinga na maambukizi. Zote mbili hutoka kwa ukungu wa aina moja, yaani kuvu iitwayo Penicillium chrysogenum. Kilichozitofautisha ni chakula ambacho ukungu huo ulipewa ndani ya tangi.

Ukungu huanza kazi kwa kuunganisha asidi amino tatu, zile kemikali ndogo zinazojenga protini. Kisha huondoa moja, iliyo kama mkia wa molekuli, na kupachika mkia mwingine mahali pake, na hapo ndipo dawa hupata sifa zake. Uzuri ni kwamba ukungu hauchagui sana mkia: hutumia asidi inayofaa iliyo karibu. Asidi hiyo ndiyo huitwa kitangulizi.

Jambo hili liligunduliwa nusu kwa bahati. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walikuwa wakipata hasa aina nyingine, penisilini F. Mwaka 1941 wawili wao, Florey na Heatley, walisafiri hadi maabara ya serikali huko Peoria, Marekani. Andrew Moyer wa maabara hiyo akaulisha ukungu majimaji mazito yanayobaki viwandani mahindi yakilowekwa ili kutoa wanga. Mavuno yakapanda sana, na penisilini iliyotoka ikawa G. Kumbe mabaki yale yana kemikali ambazo ukungu huzigeuza kuwa asidi ya fenilasetiki, na hiyo ndiyo kitangulizi cha mkia wa penisilini G. Baadaye wakaanza kuitia asidi hiyo yenyewe tangini.

Lakini huwezi kuimwaga tu. Ikizidi, hupenya ndani ya seli na kuudhuru ukungu. Ikipungua, mikia hutoka mchanganyiko. Tena ukungu wenyewe huila sehemu yake kama chakula cha kawaida, na hiyo ni hasara tupu kwa kiwanda. Kwa hiyo huingizwa kidogo kidogo, saa baada ya saa, huku ukali wa tindikali ukipimwa bila kukoma. Kwangu mimi, uvumilivu huo ndio ufundi wenyewe.

Penisilini V ilikuwa imeshatengenezwa Marekani miaka ya 1940, lakini thamani yake ilionekana Austria. Katika kiwanda cha mji wa Kundl, bakteria walikuwa wakivamia matangi. Ili kuwaua, Ernst Brandl na Hans Margreiter walitia fenoksiethanoli. Ukungu ukaigeuza kuwa asidi ya fenoksiasetiki na kuipachika kama mkia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakabaini kwamba penisilini hiyo haiharibiwi na tindikali ya tumbo: oksijeni iliyo katika mkia wake huilinda pete dhaifu ya atomi iliyo katikati ya dawa isivunjike. Penisilini G haina ulinzi huo, ndiyo maana ikimezwa sehemu kubwa huharibika tumboni.

Je, ukungu usipopewa kitangulizi chochote? Mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa kampuni ya Beecham, Uingereza, walikipata kiini kitupu kisicho na mkia, na wanakemia wakaanza kupachika mikia yao wenyewe. Ampisilini ilitoka hivyo, kisha amoksilini. Siku hizi viwanda hukuza kwanza penisilini G kwa wingi, kwa asidi ileile ya fenilasetiki, halafu hukata mkia huo kwa kimeng'enya na kupachika mwingine.