Sauti tusizozisikia sisi, na mbwa anayezisikia

Vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye soketi, vinavyouzwa kwa ahadi ya kufukuza panya, mende na mbu kwa mpigo kwa kutoa sauti tusiyoisikia, vimejaa madukani na mitandaoni. Boksi huandikwa kwamba kifaa hakina madhara kwa wanyama wa nyumbani. Mwenye mbwa anakichomeka na kuendelea na shughuli zake, na humo ndimo dhana nyingi potofu zinamoanzia.

“Kama sisi hatusikii, mbwa naye hasikii.”

Anasikia. Sikio la binadamu linaishia karibu na kilohezi 20, yaani mitetemo (hezi) 20,000 kwa sekunde, na kwa mtu mzima huwa chini ya hapo, kwa sababu umri huanza kwa kupunguza sauti nyembamba. Mbwa anafika kilohezi 45 hivi. Vifaa vingi vya kufukuza panya hutoa sauti kati ya kilohezi 20 na 65, kwa hiyo sehemu kubwa ya mlio wake mbwa anaupata barabara. Jambo hili si geni: Mwingereza Francis Galton alitengeneza filimbi ya kupima usikivu wa namna hiyo mwaka 1876, na filimbi za kuita mbwa zinazotumika hadi leo zimetokana nayo. Paka anasikia juu zaidi ya mbwa. Ukifuga sungura au simbilisi, wao pia wamo ndani ya mlio huo, tena kwa kawaida wamefungiwa.

“Basi kitamtoboa masikio.”

Hapa wengi wanaruka kutoka kosa moja hadi jingine. Kusikia sauti ni jambo moja, kuumizwa nayo ni jambo jingine. Kinachoharibu sikio ni nguvu ya sauti, ile inayopimwa kwa desibeli, pamoja na muda wa kuisikia. Sauti nyembamba kama hizi, zenye kilohezi nyingi, hufifia haraka hewani. Ukuta huzizuia, na pazia, godoro au kochi huzimeza. Kifaa kilichoko sebuleni hakimsumbui mbwa aliyelala nyuma ya nyumba, na mbwa anayezurura ndani kwa uhuru atahama chumba asichokipenda.

Mimi wasiwasi wangu uko kwa mbwa asiyeweza kuhama. Kwetu mbwa wengi wa ulinzi hushinda bandani mchana kutwa, hufunguliwa usiku geti likishafungwa. Stoo ya chakula, yenye panya, mara nyingi iko jirani na banda hilo hilo. Ukichomeka kifaa pale, mlango ukiwa wazi au dirisha likiwa la wavu tu, mnyama anakaa na mlio huo saa kumi na mbili mfululizo bila pa kwenda. Hata kama haumharibu masikio, ni kero ambayo hakuichagua na hawezi kuikimbia. Kwa maoni yangu hilo peke yake linatosha kukiondoa.

“Angekuwa anasumbuka, angebweka.”

Mbwa wengi wakikerwa na sauti hawabweki. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walikusanya majibu ya wenye mbwa 386 na kuangalia video 62 za mbwa wakisikia sauti za nyumbani. Milio mifupi, mikali na ya kukatika-katika, kama ule wa kitambua moshi betri ikiisha, iliwatia wasiwasi zaidi kuliko ngurumo ya mfululizo. Wenye mbwa wengi hawakutambua hofu hiyo, wengine walicheka. Milio hiyo hata sisi tunaisikia, ila tumeizoea: UPS, betri ya akiba ya kompyuta, inayolia umeme ukikatika, au mita ya LUKU inayolia uniti zikikaribia kuisha, ni ya jamii hiyo hiyo.

Mwangalie mwenyewe. Anahema ilhali hakuna joto. Analamba midomo wakati hakuna chakula. Anageuza uso, anakakamaa mwili, masikio yamelala nyuma, mkia umeingia katikati ya miguu. Ukiona hayo yakijirudia mahali pamoja, tafuta kinacholia hapo.

“Anabwekea dari usiku, ameona jini.”

Kabla ya kufika huko, fikiria panya. Panya wakubwa wakiogopa hutoa mlio wa karibu kilohezi 22, juu kidogo ya uwezo wetu na chini kabisa ya kikomo cha mbwa. Wewe unaona dari kimya. Yeye anasikia kila kitu kinachoendelea juu yake.

“Chaja, taa na televisheni zote zinamtesa.”

Kwa sehemu kubwa hapana. Chaja na taa za LED zinaweza kutoa mlio mwembamba, lakini huwa hafifu. Zile televisheni za kichogo zilipiga mlio wa hezi 15,625 muda wote zikiwa zimewashwa, nazo mbwa walilala pembeni yake miaka na miaka.

Altrasaundi ya daktari wa mifugo hufanya kazi kwa mamilioni ya hezi, mbali na usikivu wa mbwa. Mbwa akishtuka pale, kinachomshtua ni ubaridi wa jeli. Nayo programu ya simu ya “filimbi ya mbwa” ina mpaka. Simu nyingi hucheza sauti kwa sampuli (vipande vidogo vya sauti) 44,100 au 48,000 kwa sekunde, na sauti haiwezi kuvuka nusu ya hapo, yaani kilohezi 22 au 24. Spika ndogo ya simu nayo hupoteza nguvu kabla ya kufika.

“Lakini angalau panya na mbu wanakimbia.”

Mwaka 2001 tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani, FTC, iliwaonya watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kwamba madai ya vifaa hivi lazima yawe na ushahidi wa kisayansi. Kuhusu mbu, mapitio ya mwaka 2007 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za afya, yalitazama majaribio 10 ya nje ya maabara na hayakukuta kinga yoyote. Kwa nchi zenye malaria, hiyo ni habari nzito: kifaa kisichukue nafasi ya chandarua.

Kama tayari unacho, kichomoe siku kadhaa na uangalie mbwa analala wapi na anakula vipi, kisha kirudishe ulinganishe. Jaribio hili halifai kwa kitoto cha mbwa cha chini ya wiki mbili, ambacho masikio yake bado yamefumba, wala kwa mbwa mzee aliyepoteza usikivu. Panya wa stoo wazuie kwa kuziba matundu, kuweka unga na nafaka kwenye ndoo zenye mfuniko, na kutotega sumu mahali mbwa anapofika.